Kabla hujachagua nchi ya kuhamia, uliza nyumba zao zina joto kiasi gani

Mdogo wangu wa kike alinipigia WhatsApp mwaka juzi akiwa Dar, ana nafasi mbili za chuo mkononi, moja Uingereza nyingine Finland, akaniuliza dada niende wapi, mwenzio naogopa baridi, Finland si nitakufa? Nikamwambia nenda Finland. Akanyamaza kidogo, nadhani alifikiri mtandao umekata. Yale niliyomweleza siku ile karibu masaa mawili ndo naandika hapa, maana naona watu wengi sana wanaulizana Canada au UK au Ureno au Uarabuni na wote wanaangalia kitu kimoja, ile namba ya nyuzi kwenye simu, na mimi hiyo namba ilinipotosha vibaya.

Mimi ni mtu wa Makete, kule milimani Njombe. Anayeijua Makete anajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, unaamka asubuhi majani ni meupe kwa sakitu, mnalala na mablanketi matatu na jioni nzima familia imejikusanya jikoni kwenye moto. Kwahiyo nilipopata kazi ya kutunza wazee Leeds, Uingereza, nikaangalia nikaona mwezi wa kwanza kule ni nyuzi 2 mpaka 7 hivi, nikasema mbona hii naijua. Nilichosahau ni kwamba Makete ikifika saa nne saa tano jua linawaka, blanketi unalianika, ukuta unapata joto na wewe mwenyewe unakaa juani mpaka mwili unalegea. Leeds mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili na dakika 20 asubuhi, saa kumi kasorobo jioni limeshazama, na hapo katikati siku nyingi ni mawingu tu hulioni. Kitu kikilowa kimelowa. Ukuta ukipoa umepoa mpaka mwezi wa nne.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa darini, kwenye zile nyumba za mtaa wa Harehills zilizojengwa zimepeana migongo, yaani nyuma ya nyumba yako ni nyumba ya mtu mwingine na madirisha yako upande mmoja tu. Ni nyumba za zaidi ya miaka mia moja, ukuta ni tofali tupu hakuna uwazi katikati wala kitu chochote cha kuzuia baridi, na upepo hauna pa kuingilia na kutokea, kwahiyo mvuke wote mnaoutoa mle ndani unabaki humo humo. Na mvuke tunautoa sisi wenyewe, kwa kupumua, kuoga, kuanika nguo juu ya redieta (lile bati la ukutani linalopitisha maji ya moto kupasha chumba), kuchemsha maharage masaa mawili sufuria iko wazi. Umeona chupa ya soda ukiitoa kwenye friji Dar inavyotoa jasho? Basi ukuta wa chumba changu ndo ulikuwa hiyo chupa, kila siku, miezi sita.

Kitanda nilikisukuma kwenye kona ya ukuta wa nje ili chumba kipate nafasi. Mwezi wa pili nikainua godoro nikakuta upande wa chini ni mweusi. Nikafungua sanduku lililokuwa sakafuni pale pale kwenye kona, lilikuwa na khanga mbili alizonipa mama siku naondoka, zimeota ukungu, nikazifua mara nne na madoa hayakutoka. Nililia siku ile na sioni aibu kusema. Nilipomwambia mwenye nyumba akajibu nyie mnapika sana, pakeni rangi.

Pakeni rangi. Hilo neno naomba ulikumbuke, maana pale Rochdale, sio mbali na Leeds, Desemba 2020 alifariki mtoto wa miaka miwili anaitwa Awaab Ishak, wazazi wake walitoka Sudan, na baba yake alikuwa amelalamikia ukungu wa kwenye nyumba akaambiwa hivyo hivyo, apake rangi juu yake. Uchunguzi wa mahakama Novemba 2022 ukasema kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu kwenye ule ukungu. Sasa hivi kuna sheria yenye jina lake, imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za vyama vya nyumba kule England, mwenye nyumba akipewa taarifa ya unyevu au ukungu wa hatari ana siku 10 za kazi kuja kuchunguza, na ikiwa ni dharura ni masaa 24. Ukiwa umepanga kwa mtu binafsi unaweza kwenda halmashauri kitengo cha afya ya mazingira. Piga picha zenye tarehe, lalamika kwa maandishi, usilalamike kwa mdomo tu kwa sababu mdomo haubaki. Watu wetu tunaogopa kusema tukidhani tutafukuzwa au viza itaguswa, na wenye nyumba wengine wanaujua huo woga.

Tuje kwenye pesa sasa. Mita nyingi kwenye nyumba za kupanga ni za kulipia kabla, kama LUKU yetu kabisa, unaenda duka la kona na kadi au ufunguo wako unaweka salio. Tofauti ambayo hakuna aliyenieleza ni kwamba kuna ada ya kila siku inakatwa hata kama hujawasha kitu. Kwahiyo kiangazi hutumii gesi ya kupasha joto, unaacha kuweka salio, alafu Oktoba baridi imeingia unaweka pauni zako na mita inameza kwanza deni la miezi yote ile. Weka kidogo kidogo hata mwezi wa saba. Na ile hita ndogo ya feni ya kuchomeka ukutani iogope sana, ni wati 2000, ukilala nayo masaa 8 ni uniti 16 usiku mmoja na chumba kikipoa kimepoa, wakati blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka ni kama wati 100 tu na ndo lililoniokoa mimi. Pasha mwili kwanza kabla ya kupasha chumba. Soksi za sufu, fulana ya ndani ya kubana, sweta, kofia hata ndani, jinzi tupa kando haina joto lolote.

Lakini usiishie hapo ukasema basi nitajifunika tu, mimi nilifanya hivyo nikawa nakohoa mpaka Machi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilishauri ndani ya nyumba kwenye nchi za baridi joto lisishuke chini ya nyuzi 18, na wazee na watoto wadogo wanahitaji zaidi ya hapo. Nilinunua kipima joto kidogo kinachoonyesha na unyevu, ni pauni chache, nikakuta chumba changu ni nyuzi 11 na unyevu asilimia 84. Unyevu ukiwa kati ya 40 na 60 uko salama, ukikaa juu ya 70 siku nyingi ukungu unakuja hata upake rangi kumi. Baada ya kuiona ile namba ndo nikaacha kubahatisha. Nikawa nafunika sufuria, maharage nikahamia kwenye preshakuka, mlango wa jikoni unafungwa wakati wa kupika, asubuhi nafungua dirisha lote wazi dakika kumi alafu nafunga (kuliacha na kaupenyo kutwa nzima ni kupoza ukuta bure), maji ya kwenye vioo nayafuta na taulo na taulo halikauki humo chumbani, kitanda na kabati nikavisogeza mbali na ukuta kama upana wa kiganja. Baadae tukachanga wanne tuliokuwa tunaishi pale tukanunua mashine ya kukausha hewa, usiku wa kwanza ikajaza lita mbili za maji. Lita mbili, tulikuwa tunalala nayo hiyo hewa.

Redieta ikiwa ya moto chini na baridi juu ina hewa ndani, kuna kiufunguo kidogo cha kuitolea, inachukua dakika mbili. Boila nalo, yaani mtambo unaochemsha maji ya hizo redieta, lina kisaa cha presha, likiwa limepoa mshale ukae kati ya 1 na 1.5, ukishuka chini sana linaweza kuzima lenyewe na wewe utadhani limeharibika.

Na hili nalisema kwa uzito kwa watu wa Njombe, Mbeya, Lushoto, Kigezi, Kabale, wote tuliozoea moto: usiingize jiko la mkaa ndani. Mwenzetu mmoja aliwasha mkaa kwenye trei ya kuchomea nyama chumbani siku gesi imeisha, madirisha tulikuwa tumeyaziba na magazeti, bahati mwenzake alirudi mapema kutoka kazini akamkuta anaumwa kichwa hawezi kusimama. Kaboni monoksaidi haina harufu. Nyumbani inatuua kila mwaka na kule kwenye nyumba zilizozibwa ni mbaya zaidi. Weka kengele yake ukutani hata kama mwenye nyumba hajaweka.

Sasa Finland inaingiaje hapa. Nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Edmonton, Canada. Kule baridi ikikaza ni nyuzi 30 chini ya sifuri, gari wanalichomeka umeme usiku ili injini iweze kuwaka asubuhi. Nilienda kumtembelea Januari nikiwa nimebeba kila sweta ninayomiliki, nikamkuta ndani na kaptura. Nyumba nzima nyuzi 21, choo, korido, stoo, kote. Sijawahi kupata baridi Edmonton kama nilivyopata kwenye choo changu cha Leeds. Shida ya kule ni ukavu, ngozi inapasuka na pua inatoa damu, unapaka mafuta mpaka unachoka, lakini nguo unaianika usiku asubuhi imekauka. Nchi ambayo baridi yake inaweza kuua imelazimika kujenga nyumba za kuizuia. Nchi ambazo baridi yake ni ya kati kati watu walivumilia tu, vizazi na vizazi, na wewe mgeni mwenye mshahara mdogo ndo unapewa zile nyumba mbovu kuliko zote.

Ureno ni hivyo hivyo. Nilikaa wiki mbili Porto kwa rafiki mwezi wa kwanza, nje juani unakaa na sweta unakunywa kahawa raha kabisa, ukiingia ndani sakafu ni vigae, hakuna redieta hata moja, tunakaa sebuleni na makoti. Anayekwambia Ureno ni joto hajalala kule Januari. Na wanaosema bora Uarabuni, shangazi yangu yuko Muscat, Oman, miaka mingi na anapapenda, Kiswahili kinaongelewa majirani wanamwelewa, ila kuanzia Mei mpaka Septemba mchana hatoki, nje ni 40 na zaidi, amefungiwa na AC kama mimi nilivyofungiwa na mvua, ni kubadilishana miezi tu.

Kwahiyo ukiwa unachagua, mtafute mtu anayeishi kule kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida, sio aliyejenga, na muulize: Januari usiku, hita ikizimwa, chumba chako kinabaki na nyuzi ngapi? Joto unalipia mwenyewe au limo ndani ya kodi? Hilo la pili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwenye maghorofa mengi ya Finland maji ya moto ya kupasha nyumba yanakuja kwa mabomba kutoka mtambo wa mji na gharama yake iko ndani ya kodi, hakuna kukaa gizani unahesabu salio. Madirisha ni ya vioo viwili au vitatu? England na Wales kila nyumba ya kupanga inatakiwa iwe na cheti cha EPC, kinachoonyesha nyumba inakula nishati kiasi gani, herufi A (bora) mpaka G (mbovu), na tangu 2020 nyumba yenye F au G kwa kawaida hairuhusiwi kupangishwa, unaingiza postikodi kwenye tovuti ya serikali unaiona bure kabla hata hujapanda basi kwenda kuitazama. Ukifika nusa. Weka kiganja kwenye ukuta wa nje, angalia nyuma ya kabati, na ukiona rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba jiulize kwanini kona hiyo tu. Ghorofa ya katikati ni bora kuliko ya juu kabisa au ya chini kabisa, majirani wanakupasha joto bure.

Mimi mwaka wa tatu nilihamia fleti ndogo ya ghorofa ya pili, imejengwa miaka ya 90, herufi C, kodi ilizidi kwa pauni 90 kwa mwezi na nilisita sana, ila nilipopiga hesabu ya gesi na dawa za kikohozi na siku nilizokosa kazi nikaona nilichelewa.

Kitu ambacho Finland haikusaidii ni giza, na nilimwambia mdogo wangu wazi, kule mji wa Tampere siku fupi kabisa ina mwanga wa masaa matano na kidogo. Hilo jipime mwenyewe, kuna watu baridi haiwagusi ila giza linawavunja. Vitamini D meza, hata Uingereza wizara ya afya inashauri mikrogramu 10 kwa siku miezi ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi wanasema tufikirie kumeza mwaka mzima. Na toka nje mchana hata robo saa, hata kama hakuna jua.

Aliondoka na sanduku limejaa masweta ya mitumba ya Karume, mazuri kweli, nikamwambia viatu na koti kubwa asinunue Dar, atanunua kule dukani kwa vitu vilivyotumika, maana wenyeji wanajua koti la nyuzi 20 chini ya sifuri likoje na muuzaji wa Karume hajui. Januari akanitumia picha ya kidirisha cha chumba chake, nje 18 chini ya sifuri, theluji imefika kwenye tairi za baiskeli. Akaandika, dada hivi redieta inapunguzwaje, nimeshindwa kulala kwa joto.