Landrova ya kijeshi: anza na chesisi, rangi itasubiri

Nikiegesha Land Rover yangu Soko la Kilombero hapa Arusha, mtu atakuja tu kuuliza: hiyo rangi umepakia wapi? Halafu ataulizia turubai, halafu yale madumu ya mafuta ya chuma. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, haiulizwi na mtu, na pesa nyingi ndiko zilikokwenda. Kwa hiyo nyie mnaonitumia ujumbe kwamba mmepata "mkweche wa Series III", yaani toleo la tatu la zile Land Rover za zamani, na mnataka kuugeuza uwe wa kijeshi, nawajibu wote kwa mpigo.

Yangu ni 109, ile ndefu. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ile fupi ni 88. Ilikuwa gari la shamba la kahawa, bodi la bati juu, vioo vya pembeni, viti vimeliwa na panya. Sasa ina turubai, spea tairi juu ya boneti, koleo na sururu ubavuni.

Wapo wanaosema gari la raia kulivisha ujeshi ni maigizo. Siwaelewi. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alipata wazo la gari hili akitumia Jeep ya jeshi la Marekani, masalia ya vita, kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Lilipozinduliwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa vibali, ndiyo maana bodi likawa la alumini. Hata ile kijani ya mwanzo ilikuwa rangi ya ndege za kivita iliyobaki stoo. Ujeshi umo tangu kiwandani.

Tatizo ni kwamba alumini inadanganya. Bodi halishiki kutu nyekundu, basi mnunuzi anazunguka gari, anaona bati safi, anatoa hela. Chini yake kuna chesisi ya chuma yenye umbo la boksi, na inaoza kutokea ndani. Tope linaingia kwenye matundu ya kutolea maji, linakaa humo masika hadi masika. Beba nyundo ndogo ulale chini ya gari. Gonga taratibu kuanzia pale springi za mbele zinapofungwa, rudi nyuma, usiiache mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, malizia boriti ya nyuma yenye ndoano ya kuvutia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinameza mlio. Nyundo ikizama, usikasirike, shukuru kwamba imezama kabla hujalipa. Gari lililotoka Tanga au Dar ligonge mara mbili, chumvi haina huruma. La mkulima aliyekuwa akipulizia oili chafu chini ya gari kila mwaka, hata likinuka vipi, lichukue.

Baada ya chesisi, tazama ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu yako. Inua mazulia. Sehemu ya kukanyagia ikioza inazibika, lakini nguzo zinazoshika bawaba za milango zikiwa zimeliwa, kazi ni kubwa kuliko unavyoambiwa na muuzaji, maana mlango hautafunga sawa tena mpaka ukuta mzima ushuke.

Kuna jambo ambalo fundi wangu wa kuchomelea, kijana wa mtaa wa Unga Limited, alinisimamishia kazi nusu siku. Alikuwa ameshashika grainda, akaiweka chini. "Bosi, mimi hapa sikati mpaka uone mwenyewe namba iko wapi." Namba ya chesisi kwenye Series III imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye chuma kinachoshika springi, sehemu ileile inayopenda kuoza. Ukiikata ukaitupa, au ukaipiga mchanga kwa presha mpaka ikafutika, umebaki na gari lisilolingana na kadi yake. Tulisafisha kwa brashi ya waya, tukapiga picha, kisha tukabadilisha chuma cha nyuma yake tu. Usimwachie fundi akumbuke hili. Msimamie.

Injini sitaisema sana. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni mvumilivu kuliko wenye nayo. Ikiwa na mgandamizo mzuri na haichanganyi maji na oili, safisha karbureta, badilisha plagi na platini, endelea na mambo mengine. Ukiona watu wanaifungia injini ya Toyota ya dizeli, wana sababu zao, mafuta yakiwemo, ila giaboksi ya Series haikuumbwa kwa nguvu hizo, na ukubwa wa injini ulioandikwa kwenye kadi ni mwingine.

Breki zitakupa kazi kuliko injini. Ni za ngoma magurudumu yote manne. Badilisha silinda zote za magurudumu kwa pamoja, na mabomba ya chuma yote, usichague. Angalia pia zile tufe za chuma zinazong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele: zikiwa na vishimo, kila sili mpya utakayoweka itavuja ndani ya muda mfupi.

Sasa ujeshi wenyewe. Kanuni yangu ni kuuliza kila kitu: jeshi lilikiweka kwa ajili gani, na mimi nina kazi hiyo? Chukua Lightweight, ile Land Rover ya madigadi bapa ambayo vijana wanakatia madigadi ili kuiga. Jeshi la Uingereza liliitaka iwe nyepesi ibebwe na helikopta ya Wessex, na paneli zake zilitengenezwa zifunguke kwa haraka. Ikiwa imefungwa vitu vyake vyote ilikuwa nzito kuliko 88 ya kawaida! Kama huna helikopta, acha madigadi yako.

Umeme wa volti 24 vilevile. Ulikuwa kwa ajili ya redio. Ukinunua gari lililotoka jeshini likiwa nao, utatafuta stata na vifaa vya moto mpaka uchoke. Baki na volti 12, balbu na betri utazipata hata Loliondo.

Rimu za vipande viwili ndizo zinazonitisha. Zinapendeza, ni za kijeshi kweli, na zinaua. Nusu mbili za rimu zimekazwa pamoja kwa nati za mduara wa nje. Nati za ndani ndizo zinazoshika gurudumu kwenye habu. Fundi pancha asiyezijua akifungua zile za nje tairi likiwa na upepo, rimu inapasuka usoni kwake. Kama unazo, toa sindano ya valvu upepo uishe wote kabla ya kugusa chochote, na zipake nati za nje rangi nyekundu. Mimi nilifunga rimu za kawaida za inchi 16 na tairi za 7.50, zinazouzwa kila mji.

Turubai nunua la pamba, la kanvasi nzito, si lile la plastiki la malori. La plastiki halipumui, asubuhi ya baridi linakudondoshea maji ya pumzi zako. La pamba likiwa jipya litavuja kwenye mishono, wewe utalalamika. Likishalowa na kukauka mara kadhaa, nyuzi zinavimba na matundu yanaziba. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanaliweza vizuri ukiwapelekea la zamani wapimie, hata kama limechanika.

Rangi sasa. Alumini inataka praima yake ya kung'ata bati. Ukipaka praima ya chuma, rangi itabanduka kwa vipande. Puti weka kidogo sana. Penye mkunjo mbaya usimruhusu fundi agonge kwa hasira, alumini inatanuka na hairudi. Kila bolti la chuma linalopita kwenye bodi lipe grisi au mpira, kwa sababu chuma na alumini vikilowana pamoja alumini inageuka unga mweupe. Na kama huna pesa ya kupuliza, paka kwa brashi bila aibu, majeshi yenyewe yamepaka magari yao kwa brashi miaka mingi.

Ila usipake madoadoa ya kijani ya jeshi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na mimi sitaki kujieleza barabarani kwa gari linalofanana na lao. Hakuna nembo, hakuna kibao kinachofanana na namba za JW. Ujeshi hauko kwenye kijani: makomando wa Kiingereza waliopigana Dhofar, Oman, Land Rover zao zilipakwa waridi, kwa kuwa ndiyo rangi inayopotea jangwani jioni. Yangu niliipaka rangi ya vumbi la hapa kwetu, kijivu cha kahawia, isiyong'aa. Inashika alama za mikono yenye oili, jiandae. Na ukibadilisha rangi nenda TRA ibadilishwe kwenye kadi pia, trafiki wanasoma.

Safari ya kwanza ndefu ikiisha, ingia chini na spana ukaze upya yubolti za springi zote nne. Zitakuwa zimelegea.