Muulize Fundi: Dodge ni mtoto wa Ford?

SWALI: Shikamoo Fundi. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Mmoja anashikilia kwamba Dodge ilizaliwa na Ford ikajitenga, mwingine anasema hizo ni kampuni mbili zisizojuana kabisa. Tuamulie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wote wamekosea, ila huyo wa pili amekosea zaidi. Mwaka ule wa kwanza, Ford ndiyo iliyobebwa na akina Dodge.

John na Horace Dodge walikuwa ndugu wa damu kutoka Niles, Michigan, mafundi wa mashine hasa. Walitengeneza baiskeli kwanza, kisha wakafungua karakana Detroit wakapata kazi nono ya gia boksi za magari ya Oldsmobile. Ndipo akaja Henry Ford, ambaye alikuwa ameshaachana na kampuni mbili bila mafanikio. Februari 1903 wakatia saini naye: chesisi (fremu ya chini ya gari) 650 zikiwa na injini, gia boksi na ekseli zake, dola 250 kila moja. Kampuni ya Ford yenyewe ilisajiliwa Juni!

Karakana ya Ford pale Mack Avenue ilikuwa ya kupanga, na sisi wa gereji kazi ile tungeiita kufunga tu. Chesisi zinaletwa na magari ya farasi kutoka kwa akina Dodge, bodi zinatoka kwingine, magurudumu kwingine, vijana wanakaza nati, gari linatoka. Kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa haba, ndugu wale wakachukua hisa 100 kati ya 1,000, zenye thamani ya dola 10,000, wakazilipia kwa vifaa na hati ya ahadi ya kulipa baadaye. Hisa hizo ndizo zilizowatajirisha.

Mwaka 1910 walifungua kiwanda kikubwa Hamtramck, bado wakimfanyia Ford kazi. Lakini mwaka huohuo Ford naye alihamia Highland Park, akazidi kujitengenezea vipuri mwenyewe. Ukiwa na mteja mmoja tu, naye ameanza kununua mashine kama zako, unangoja nini? Mwaka 1913 John akajiuzulu kwenye uongozi wa Ford, na Novemba 1914 gari lenye jina lao likatoka kiwandani. Bei: dola 785.

Gari lile, niruhusu nilisifu. Wakati Model T ya Ford inawashwa kwa kuzungushwa hendeli (na hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono), Dodge ilikuja na stata ya umeme na mfumo wa volti 12. Bodi ilikuwa ya chuma, kazi ya Edward Budd wa Philadelphia, ilhali wengi walikuwa bado wanagongelea mabati juu ya fremu ya mbao. Faida haikuwa uimara peke yake. Bodi isiyo na mbao unaweza kuiingiza kwenye tanuri kali, rangi ikakauka upesi, na kiwanda kisizibwe na magari yanayongoja kukauka. Kosa ninaloliona ni mpangilio wa gia: ulikuwa kinyume cha ule wa kawaida, na dereva mgeni angeweza kujikuta anarudi nyuma.

Sasa, ugomvi. Mwaka 1916 Ford alikata gawio la ziada, yaani faida waliyogawiwa wenye hisa, akisema fedha ni za kupanua viwanda. Akina Dodge, wakiwa bado na hisa zao, wakamshtaki. Mwaka 1919 mahakama ya juu ya Michigan ikamwamuru awagawie wenye hisa zaidi ya dola milioni 19, na mwaka huohuo akanunua hisa za ndugu hao kwa milioni 25. Kwa hiyo mshindani wake alikua kwa fedha zilizotoka mfukoni mwake, na jambo hilo lilimuuma.

Ndugu wote wawili walifariki mwaka 1920, John Januari na Horace Desemba. Wajane wao waliuza kampuni mwaka 1925 kwa dola milioni 146, na mwaka 1928 ikanunuliwa na kampuni ya magari ya Chrysler. Kiwanda cha Hamtramck kilifungwa mwaka 1980.

SWALI: Fundi, nembo ya Dodge za kwanza ina nyota ya pembe sita. Walikuwa Wayahudi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana. Ni pembetatu mbili zilizopishana, katikati zimewekwa herufi D na B, yaani Dodge Brothers.