Tangi la Maji ya Chumvi na Majira ya Dar: Maswali Yenu ya pH

Shikamoo. Tangi langu la lita 200 lipo sebuleni, Mikocheni. Agosti pH (kipimo cha asidi ya maji; namba ikishuka, asidi imezidi) ilikuwa 8.2. Tangu Desemba kila asubuhi nakuta 7.7. Natia dawa ya kupandisha, inapanda, kesho yake imerudi palepale. Nakosea wapi?

Marahaba. Kwanza iweke hiyo dawa kabatini. Agosti upepo wa kusi ulikuwa unavuma na madirisha yako yalikuwa wazi. Desemba joto limekubana, umefunga nyumba na kuwasha kiyoyozi, na kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya: kinazungusha ileile mliyokwisha kuipumua. Nje, hewa ukaa ni takriban sehemu 420 katika milioni. Sebule iliyofungwa, yenye watu wanne na jiko la gesi jirani, hupita 1,000 kirahisi. Hewa ukaa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi, pH inashuka. Usiku ni zaidi, maana taa zikizimwa mwani haunyonyi tena hewa ukaa, ila nao unapumua pamoja na samaki. Ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya.

Hakikisha mwenyewe. Chota jagi moja la maji ya tangi, pima. Lipeleke barazani, tumbukiza jiwe la pampu ya hewa, liache litoe mapovu kwa saa moja hivi, kisha pima tena. Mimi nilipofanya hivyo kwangu, rangi ya kipimo ilitoka kwenye njano-kijani ikaingia kijani iliyokolea, na sikuwa nimetia hata punje ya kitu. Likitokea hilo kwako, dawa yako ni dirisha. Fungua alfajiri, kungali na ubaridi, nyavu za mbu zibaki. Kama una skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa), mpira wake wa kuvutia hewa upitishe nje kwenye tundu lile la bomba la kiyoyozi. Kwa maoni yangu hakuna matumizi bora ya shilingi elfu chache.

Maji ya jagi yasipobadilika, pima KH, yaani nguvu ya maji ya kuzuia pH isiyumbe. Ikiwa chini ya 7, bekingi soda inafaa (si bekingi pauda): gramu 3 katika lita 100 hupandisha KH kwa nyuzi 1, na usizidishe hapo kwa siku. Lakini elewa kwamba hiyo inainua KH. pH yenyewe haitaruka.

Niko Sinza. Julai jioni pH hufika 8.4. Niishushe?

Usiiguse. Hewa safi na mwanga wa mchana vimefanya kazi yake. Kati ya 7.8 na 8.5 matumbawe na samaki wanaishi vizuri.

Fundi wa rangi ameniambia chokaa inapandisha pH. Nitie kidogo?

Chokaa ya ukutani, hapana kabisa! Wafugaji wa matumbawe hutumia chokaa safi ya maabara, na hata hiyo maji yake yana pH ya karibu 12, hivyo hudondoshwa tone kwa tone usiku kucha. Ukimimina kikombe, utaua.

Nachota maji baharini, Kigamboni. Masika ya mwaka jana nilipoteza samaki wawili baada ya kubadilisha maji. Pole yangu, lakini kwa nini?

Pole sana, ndugu yangu. Mvua za Machi hadi Mei hushusha baharini tope na uchafu wa mjini; mto Msimbazi peke yake unatosha kubadilisha rangi ya maji. Maji ya mvua ni mepesi, huelea juu, na juu ndiko unakochota. Chumvi inapungua na KH inapungua nayo, hivyo pH inakosa kinga. Chota akiba kabla mvua hazijakolea, wakati maji yamejaa, mbali na midomo ya mito, uyafunike gizani. Kila ndoo ipime: uzito wa 1.025 (maji yasiyo na chumvi ni 1) ndio unaoutafuta. Na mawe ya visiwa vya Bongoyo au Mbudya yaache hukohuko, ni maeneo tengefu.

Tabata umeme ukikatika usiku, asubuhi nakuta samaki wanahema juu ya maji. Ni pH?

pH imeshuka, ndiyo, lakini kinachowaua kwanza ni kukosa oksijeni, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Ondoa kifuniko, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, rudia rudia mpaka watulie. Kisha tafuta pampu ya hewa ya betri, uiache karibu na tangi ikiwa na betri ndani.