Mdogo wako hataumizwa na nguvu, ataumizwa na mazoea

Dada wa Majengo, umeandika kwamba mdogo wako ameitwa mafunzo ya askari magereza Kiwira, na mama hapo Moshi halali akiwaza mwanawe atapigwa na wafungwa. Mpe pole mama, lakini hofu yake iko upande usio sahihi.

Gwaride na mbio atazizoea, hizo ni jasho tu. Kazi yenyewe ni kuhesabu. Wafungwa wanahesabiwa asubuhi wakifunguliwa, wakitoka kwenda kazini, wakirudi, na jioni kabla ya kufungiwa. Namba isipotimia hakuna kusema "atakuwa chooni". Ahesabu kwa macho yake, asipokee hesabu ya mnyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake.

Upekuzi nao una adabu yake: mwanamke hupekuliwa na askari mwanamke. Nguvu inaruhusiwa kwa kujilinda, kuzuia mtu kutoroka au anayekaidi amri halali, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zinasema hivyo.

Sasa mazoea. Nimevaa sare hiyo miaka mingi, na vijana niliowaona wakiharibikiwa walianza na kitu kidogo kutoka kwa mfungwa: "Afande, nipelekee salamu nyumbani." Kesho sigara, keshokutwa simu, halafu askari anatishiwa kusemwa kwa wakubwa wake. Akiombwa mara ya kwanza, akatae kwa upole na amwambie mkubwa wake wa zamu siku hiyohiyo.

Na ajifunze majina ya wafungwa. Mfungwa anayeitwa kwa jina lake ndiye atakayemnong'oneza kwamba leo bwenini hali si shwari.