Mume wa mtaa mzima: majibu kutoka kwa mtoto wa mtu kama huyo

Dada uliyeuliza kama mumeo ni mtu mwema au ni mtoro wa nyumbani tu, nimekusoma mara mbili. Umesema anachapa kazi, ada za watoto hazijawahi kuchelewa, ila jirani yeyote akipiga hodi usiku anatoka, na siku ya mapumziko inaishia kwenye vikao vya mtaa. Umesema umechoka kusikia anasifiwa. Nikusimulie ya kwetu, maana nimelelewa na mwanamume wa aina hiyo na nilikaa naye na kinyongo miaka mingi.

Baba ni seremala. Alfajiri ulikuwa unaamshwa na randa. Vitanda, meza, fremu za milango, kazi za wateja mpaka jua linazama. Ikishaingia usiku inaanza kazi nyingine: majeneza. Mtaani kwetu aliyefiwa hakuuliza gharama ya ufundi, kwa sababu Baba hakutoza. Alikwenda kupima kwa kamba, si kwa futi ya chuma. Alisema futi inalia ikijirudisha, na ndani ya chumba kile hata mlio mdogo ni mkubwa. Fundo moja la urefu, la pili la upana wa mabega, kamba inaingia mfukoni, anarudi. Mimi nilishika taa. Nilikuwa na miaka 9.

Watu waliuona usiku ule, asubuhi yake hawakuiona. Mteja wa kabati amekuja, kabati halijaguswa, Baba amelala kwenye kiti na vumbi la mbao kwenye kope, na Mama ndiye anayesimama mlangoni kusema "njoo kesho". Mlango wa choo chetu, nyumbani kwa seremala, ulifungwa kwa kipande cha waya. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini msemo huo unachekesha ukiwa huishi na kinyozi.

Sasa kitanda changu. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa kwa upana, kwa hiyo kitanda kilichoungwa kwa mbao mbichi hulegea viungo. Mafundi wana kanuni yao: kuianika mbao kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, vijiti vimewekwa katikati ili upepo upite. Baba aliniwekea mbao za inchi moja, nami nikaandika jina langu ubavuni kwa chaki. Nilihesabu miezi kama mfungwa. Mwezi wa 11 jirani akafiwa na mkewe, usiku, na kavu zilizokuwepo zilikuwa zile zangu tu.

Nilishika taa wakati msumeno unakaribia jina langu. Baba alisimama, akalitazama, akalifuta kwa kidole gumba, akaendelea kukata.

Kesho yake Mama aliuliza swali ambalo hata leo naliona la haki: kitu cha kwenda ardhini kinahitaji mbao kavu kwa nini? Baba akajibu kwamba mbao mbichi ni nzito kwa sababu ya maji, na wabebaji wa siku ile walikuwa wazee. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba asubuhi angeweza kwenda kununua kavu, na wafiwa wangesubiri saa chache. Kusema "subirini" ndiko kulikomshinda. Na tusidanganyane, alipenda kuitwa. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na bado alipenda kuitwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Mama hakupiga kelele. Alizunguka kwa akina mama wenzake, na kabla ya mwezi kuisha kila nyumba ilikuwa inatoa kidogo kila mwezi kwa ajili ya mbao za msiba, na mbao hizo zilitunzwa nyumba nyingine kabisa. Fedha zikawekwa kwenye sanduku la kufuli tatu: anayetunza sanduku hana ufunguo, na wenye funguo ni watu watatu tofauti. Nilidhani ni akili yake mwenyewe, mpaka ukubwani niliposoma kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo shirika la CARE lilianza kuviunda Niger mwaka 1991, navyo vinatumia masanduku ya namna hiyo. Alikolisikia sijui, hajawahi kuniambia. Baba alipendekezwa awe mmoja wa wenye funguo. Mama akakataa mbele ya kikao: "Huyu ana moyo, hesabu hana."

La pili lilikuwa gumu zaidi. Alimtaka Baba afundishe vijana wawili kazi ya jeneza. Alifundisha kwa kusuasua, kila patasi ikishikwa vibaya anainyang'anya. Usiku wa kwanza wenyewe walipoachiwa kazi, Baba alijigeuza kitandani mpaka saa nane, kisha akavaa viatu "kwenda kuangalia tu". Alikuta mfuniko umepungua upana wa kidole. Akaurekebisha, akarudi kapiga kifua. Msiba uliofuata hakwenda. Wa tatu hata hakuamka, na asubuhi akaonekana kama amechukizwa kwamba hakuna aliyemwita.

Kitanda nilikipata nikiwa na miaka 11, nacho kilikuwa cha mtu mzima, miguu yangu ilifika katikati tu. Alisema hajui lini atapata nafasi ya kutengeneza kingine.

Leo mgongo umemwisha, anakaa nje ya karakana akikosoa viungo vya watu. Wale vijana wawili wana vijana wao.

Kwa hiyo dada, usimpe mumeo uchaguzi wa nyumba au mtaa. Baba angepewa huo angechagua nyumba kwa mdomo na usiku angetoka vilevile. Mimi sikuumizwa na yeye kutoka. Niliumizwa na jinsi kila kitu kilivyopitia mikononi mwake peke yake, mpaka mbao zenye jina langu zikawa akiba ya mtaa. Hebu muulize akiwa ametulia, si usiku anapovaa viatu: wakija kumgongea leo naye anaumwa, wataenda kwa nani? Akikutajia majina mawili, mna pa kuanzia mazungumzo. Akinyamaza, keti na wake wa wenzake wa kwenye vikao. Sidhani kama uko peke yako hapo mtaani.