Kutumia "comprise" kwenye ripoti bila kukosea

Chukua ripoti yoyote ya mradi au tasnifu iliyoandikwa Dodoma kwa Kiingereza, nenda kwenye maelezo ya eneo la utafiti. Karibu kila mara utakuta sentensi inayotaja wilaya za mkoa, na mara nyingi mwandishi amejikwaa kwenye kitenzi "comprise", hata kama Kiingereza chake kwingine kimenyooka.

Sentensi sahihi ni hii: "Dodoma Region comprises seven districts." Kitu kizima kinatangulia, sehemu zake zinafuata, na katikati hakuna "of". Kitenzi hiki Kiingereza kilikipata kutoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya kushika au kukusanya pamoja. Mkoa ndio unaoshika wilaya, kwa hiyo ndio unaokuwa kiima. Ukiandika "Seven districts comprise Dodoma Region" umegeuza mambo. Wapo Waingereza na Wamarekani wanaoandika hivyo, lakini kwenye maandishi ya kiofisi usiwafuate.

Kosa linaloongoza ni "comprises of". Linatokana na "consists of", ambayo maana yake ni karibu ileile ila muundo wake ni mwingine. "Consist" kwa maana hii haiendi bila "of", na haikubali kutendwa: "is consisted of" ni kosa popote utakapoiweka. "Comprise" ikiwa katika hali ya kutenda haitaki "of" kabisa. Ukisita, ondoa "comprise" na uweke "contain" mahali pake. "The region contains seven districts" inasimama, basi na "comprises" itasimama. "The region contains of seven districts" haisomeki, na "comprises of" nayo ifute.

Kuhusu "is comprised of", usimwambie mtu kwamba haipo. Kamusi kubwa zinaiorodhesha na Waingereza wameitumia kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba wahariri na wasimamizi wengi wa tasnifu bado wanaikata kwa kalamu nyekundu, na hakuna sababu ya kupoteza alama au kurudishiwa kazi wakati "is composed of" na "is made up of" zinasema jambo lilelile bila ubishi. Tumia hizo.

Makosa mengine tunayachukua kwenye Kiswahili chetu. Kiambishi -na- katika "inajumuisha" hubeba jambo linaloendelea sasa na pia hali ya kudumu. Mwandishi anayetafsiri kichwani hutoa "The district is comprising four divisions". Kiingereza hakitaki umbo la kuendelea hapo, kwa sababu muundo wa wilaya ni hali, si tendo linalofanyika sasa. Andika "comprises". Na usisahau "s" ya mwisho pale kizima kinapokuwa kimoja.

"Kujumuisha" kuna mtego mwingine, nao ndio mzito zaidi. Kwetu neno hilo hubeba "include" na "comprise" kwa pamoja, lakini Kiingereza kinazitenganisha. "Include" hutaja baadhi. "Comprise" huahidi orodha kamili. "Crops grown in Dodoma include grapes, sorghum and sunflower" ni kweli, maana karanga, uwele na mengine hukuyataja lakini hukuyakana. Weka "comprise" hapo, na utakuwa umesema mkoa mzima haulimi kingine.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "comprises", hesabu. Mkoa wa Dodoma una wilaya 7: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Halmashauri zake lakini ni 8, kwa kuwa Kondoa ina ya mji na ya wilaya. Anayeandika "comprises seven councils" ana sarufi safi na taarifa potofu.

Kwenye mikataba jambo hili ni fedha. Ukiandika "The works comprise" kisha ukaorodhesha kuchimba msingi, kujenga kuta na kuezeka, mkandarasi ana hoja ya kudai kwamba mfumo wa maji haukuwa sehemu ya kazi. Kama orodha haijakamilika, andika "include", na pale inapohitajika "include but are not limited to".

Nyaraka za zabuni zenyewe huwachanganya wengi. Katika zile za Benki ya Dunia kuna kifungu chenye kichwa "Documents Comprising the Bid": hapo sehemu zimetangulia, kinyume na kanuni niliyoieleza. Kifungu chenyewe kinaanza "The Bid shall comprise the following", na hapo kizima kimerudi mbele. Kichwa hicho kiache kilivyo unapokinukuu, ila sentensi zako zijenge kama kifungu. Ukitaka kuanza na sehemu, "constitute" au "make up" ndizo zinazofaa: "Seven districts make up the region."

Unapowasilisha kwa mdomo, mkazo uko kwenye silabi ya pili na mwisho unasikika kama z: kom-PRAIZ. Katika maandishi lakini ni "s".

Na kwa sentensi nyingi za ripoti, "has" inatosha. "The region has seven districts" haina kosa lolote.