Mfadhili akijitoa, kodi ya ofisi inabaki

SWALI: Shirika letu lisilo la faida limepata ruzuku ya miaka miwili. Mwenye jengo anataka tusaini mkataba wa pango wa miaka mitano. Dalali anatuambia tusiogope: kwa kuwa sisi si wafanyabiashara, ufadhili ukikatika tutatoa notisi ya mwezi mmoja na kuondoka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Dalali kwa kawaida hulipwa mkataba ukisainiwa, hayupo siku mnapodaiwa. Usajili wenu unaweza kuwapa nafuu ya kodi za serikali, lakini kwa mwenye jengo ninyi ni mpangaji kama mwingine yeyote. Mkataba usipokuwa na kifungu cha kuuvunja mapema, ruzuku ikiisha mwezi wa 24 mnabaki na wajibu wa miezi 36. Ziko nchi ambazo sheria humtaka mwenye jengo atafute mpangaji mwingine ili kupunguza hasara. Hata huko, hadi ampate, hesabu ni yenu.

Kwanza ombeni miaka miwili, pamoja na haki ya kuongeza muda kwa kodi iliyokwisha kupangwa. Akikataa, daini kifungu cha kuvunja mkataba, na hapa ndipo mashirika mengi hujimaliza. Hunakili mkataba wa bure mtandaoni wenye maneno “mpangaji akikosa fedha anaweza kuondoka.” Akikosa kiasi gani? Nani athibitishe? Andikeni hivi: ruzuku iliyotajwa ikisitishwa, au ikipungua kwa zaidi ya asilimia 30, shirika litatoa notisi ya maandishi ya miezi mitatu ikiambatana na barua ya mfadhili, na likishalipa kodi hadi siku ya kuondoka halitadaiwa kodi ya muda uliobaki. Mwenye jengo akitaka juu yake fidia ya mwezi mmoja au miwili, kubalini.

Msichokubali ni sentensi fupi inayochomekwa mwishoni: haki hii itatumika tu iwapo mpangaji “ametimiza masharti yote ya mkataba.” Kitasa kibovu au bili ndogo ya maji iliyosahaulika inatosha kuiua haki nzima. Masharti yawe mawili tu: kodi iliyofikia siku ya kulipwa imelipwa, na vyumba vimekabidhiwa vitupu. Notisi nayo ipelekwe kwa anwani na kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba. Baruapepe isipotajwa humo, msiitegemee.

Halafu kuna nyongeza ya kodi, ambayo washauri wa mitaani huipita kwa neno “ni ya kawaida.” Nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka, kwa mfano, huhesabiwa juu ya kodi ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza ukiwa 100, wa tano ni 136, na jumla ya miaka mitano ni karibu 587, si 500. Bajeti iliyopelekwa kwa mfadhili mara nyingi ina 500. Kwenye bajeti ongezeni pia gharama za ulinzi, usafi na lifti, na mkataba uziwekee kikomo cha kupanda kwa mwaka. Bila kikomo, punguzo la kodi mlilolipigania litarudi kwa mwenye jengo kupitia mlango huo.

Mjumbe wa bodi asisaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa deni la shirika kwa mali yake mwenyewe. Ni afadhali kutoa amana kubwa zaidi, baada ya kumuuliza mfadhili kama ruzuku yake inaruhusu, maana wengine hawaitambui amana kuwa matumizi. Mkurugenzi asaini kwa niaba ya shirika, jina la usajili likiandikwa kamili. Akiandika jina lake peke yake, anaweza kujikuta yeye ndiye mpangaji.

Mkataba ukiwataka mrudishe vyumba katika hali ya awali, hali hiyo iandikwe siku ya kukabidhiwa funguo: picha zenye tarehe, chumba kwa chumba, pande zote mbili zikitia saini, kabla meza hata moja haijaingizwa.